Walii Yuko Iringa

Pweto, Alhamisi 14 Agosti 2025

Mudogo wangu Mounira,

Salamu nyingi. Nimefika Pweto jana na mavumbi mpaka ndani ya masikio, lakini niko muzima, namushukuru Mungu. Unakumbuka sheria ya baba: mambo mukubwa haisemwi kwa simu, inaandikwa, na tarehe, na saini, juu ulimi haina mufupa. Basi naandika kwa karatasi, napiga foto, nakutumia. Na weye ufanye vile.

Bantu ya Laurent Mwape balinipokea muzuri. Balinikarangia samaki mubichi ya ziwa, bukari ya unga wa muhindi ilikuwa mukubwa kama kilima, nikakula mpaka nikafungua mukaba. Lakini kuna tatizo. Mama yake iko mugonjwa sana. Hawezi hata kuinuka kwa mukeka. Nikaona si adabu kuzungumza posa mbele ya muntu anayeugua, na benyewe balisema tungoje. Kwa hiyo nikahi ya tarehe 29 haitawezekana. Pita kwa Mwalimu Aboubakar wa musikiti, umuambie tunasogeza. Mpaka lini, tutaona.

Najua utakasirika. Usikasirike. Mimi njo walii yako, na walii anaangalia mbali kuliko bibi arusi.

Kadi ya banki uliyonipa inafanya kazi muzuri sana. Natia esanse ndani ya tanki, napitisha kadi, naenda. Ulikuwa na haki, kutembea na franga mingi kwa pikipiki ni hatari. Aksanti.

Yaya yako mukubwa,
Bilal


Kamalondo, Lubumbashi, Alhamisi 14 Agosti 2025

Yaya Bilal,

Aka! Samaki gani balikukarangia? Ya ndani ya ndoto?

Nikufundishe kitu. Konte ya banki ni yangu. Kadi ni yangu. Kila mara unatia esanse, banki inanitumia mesaji kwa simu: siku, saa, muji. Hukujua? Ulifikiri mashine inakulipia juu ya uso yako muzuri?

Jumatatu, Kitwe. Nikasema sawa, bantu benyi banapitia Zambia kwa kwenda Pweto, juu njia ya kwetu ni mashimo matupu. Jumanne, Serenje. Nikasema sawa, pale anaweza kukata kwa Mansa, apande mpaka ziwani. Jana Jumatano: Mpika. Mpika, Yaya! Mpika haiko njia ya Pweto hata kwa kipofu. Mpika ni njia ya Tanzania.

Na ile mama unayemulaza kwa mukeka alinipigia simu leo asubuhi na sauti ya kutikisa nyumba. Anauliza mugeni anafika siku gani, juu kuku imefungwa kamba mulangoni tangu juzi na inaanza kukonda. Nikamujibu nini? Nikasema pikipiki iliharibika. Unaona? Unadanganya huko, na mimi nadanganya hapa juu yako.

Sasa tuseme ukweli. Niko na miaka makumi tatu na tatu. Muchumba wa kwanza ulimufukuza, ukasema ni mulevi. Wa pili ulimufukuza, ukasema ukoo yake haijulikani. Yote mbili nikainama kwa mashine yangu ya kushona, nikashona. Mwape ni wa tatu, na wa ine hatakuya. Anaswali, anafunga, mizani yake ya samaki haiibi muntu. Kosa yake kwako ni moja tu: alizaliwa Laurent, na kusilimu kwake hata ikiwa ya miaka kumi na moja, kwako ni ya jana.

Baba iko kaburini. Baba mudogo hatuna. Ndugu mwengine mwanaume hatuna. Kwa dini yetu siwezi kuolewa bila walii wa kunitoa, na walii ni weye peke yako. Ile unaijua vizuri sana. Hukuenda kuona bakwe. Ulikimbia na ruhusa yangu ndani ya mufuko, kwa esanse yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Geuza pikipiki.

Mounira


Tunduma, Jumamosi 16 Agosti 2025

Mounira,

Sawa. Unajua. Umenipunguzia kazi ya kutunga samaki.

Basi sikia. Simutaki Laurent. Simutaki leo, simutaki kesho. Babu yetu alitoka Maniema na Kurani ndani ya sanduku, baba alifundisha nusu ya batoto ya Kamalondo alifu na bee, halafu mimi, Bilal, nikae mbele ya bantu, nishike mukono ya muuza samaki niseme «nimekuoza dada yangu»? Atakupeleka Pweto, utapara magamba mpaka uzee, na nyumba ya baba itabaki na panya. Haiko mukono yangu itafanya ile.

Na bila mukono yangu hakuna nikahi. Unajua. Mwalimu anajua. Kwa hiyo sina haja ya kupigana. Naenda tu. Kila stasio ninapita, arusi yenu inakuwa mbali zaidi. Nilikuwa nataka kutembea inchi za bantu na pikipiki tangu zamani, sasa nimepata sababu. Nitaenda mpaka Dar. Mwape achoke, atafute mwengine kule kule ziwani.

Sasa nikueleze ya leo, juu karibu nikukosee adabu kabisa. Niko Tunduma, nimevuka mpaka. Hapa stasio banaita sheli. Dada wa pampu anajaza tanki mpaka mulomoni, napitisha kadi: imekataliwa. Mara ya pili: imekataliwa. Mara ya tatu, akachomoa ufunguo ya pikipiki, akautia ndani ya sidiria yake, akasema, «Kaka, mafuta hayarudi kwenye bomba, na wewe huondoki.» Madereva ya malori bakanizunguka, banacheka. Nikajua ni weye umefunga kadi. Nilikutukana, Mounira. Nilikutukana mpaka nikamaliza maneno ya Kiswahili nikaanza ya Kifaransa.

Nusu saa ilipoisha, dada akajaribu tena. Ikapita.

Nikakaa kwa jiwe nikacheka peke yangu. Kwa hiyo ulikuwa na kisu mukononi, na ukakosa nguvu ya kukata! Ukaifungua. Damu ni nzito. Ndani ya roho yako unajua niko na haki.

Usimalize roho yako na kilio. Shona nguo za bantu.

Bilal


Kamalondo, Jumapili 17 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Aboubakar,

Asalam aleikum, Mwalimu. Ni mimi Mounira, mutoto ya marehemu muzee wetu. Nakuandikia juu mbele yako najua nitalia, na ukiona naanza kulia utanipa chai na dua, na mimi leo sitaki chai.

Bilal amekimbia. Alisema anaenda Pweto kama walii, kuona bakwe. Iko Tanzania. Naweka hapa barua zake mbili, usome mwenyewe. Bantu bengine hapa banasema ni maneno tu, eti iko Annexe, hapa pembeni ya muji, kwa rafiki yake Jephté, amejificha nyuma ya shamba ya mihogo. Haiko vile. Niko na mesaji za banki kwa kila mahali anatia esanse. Mukija nitaonyesha.

Jana banki ilinipigia simu. Balisema: «Madame, kadi yako inataka kulipa esanse kwa inchi ya Tanzania, tumeifunga tukifikiri ni mwizi. Ni weye?» Ningesema ni mwizi, angebaki pale na aibu yake. Lakini nikafikiri kitu moja ulitufundisha tukiwa batoto kwa madrasa, na sijui kama naikumbuka vizuri. Nikawajibu: «Ni yaya yangu. Mufungue. Aende pahali anataka.»

Swali yangu ni hii. Walii akienda mbali, mbali sana, mpaka mbali ile inayofanya muntu afupishe sala, na akakataa kurudi: mimi nabaki mufungwa wake mpaka kufa?

Naomba unijibu kwa karatasi.

Mounira


Lubumbashi, Jumatatu 18 Agosti 2025

Binti yangu Mounira,

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Nimesoma barua yako mara mbili, na za kaka yako mara moja, zimenitosha.

Unakumbuka vizuri. Walii akiwa hapa mjini na hataki, ni lazima tumwite, tumketishe, tumsikilize. Angesema, «Mwape simtaki kwa sababu hii na hii,» nami ningelazimika kuzipima sababu zake, hata zile za kiburi, na huenda jambo lingechukua mwezi, huenda mwaka. Hiyo ni haki yake. Akiwa amejificha mjini, pia, tunamtafuta mpaka apatikane.

Lakini walii aliyesafiri umbali wa kufupisha sala hangojwi. Nafasi yake huingia kwa kadhi. Na kwa kuwa hapa kwetu hatuna kadhi wa serikali, jamaa ya msikiti wamenipa mimi kazi hiyo, ingawa siipendi. Kwa hiyo kadiri anavyokwenda ndivyo anavyojivua. Kijana yule alisoma kwangu miaka sita. Sijui alikuwa anaangalia wapi siku ya somo lile.

Ila nataka yakini. Nataka neno lake mwenyewe kwamba ni msafiri, si simu ya benki peke yake, maana kadi inaweza kushikwa na mtu mwingine. Na siku yenyewe, kabla ya akdi, nitakuuliza tena mbele ya mashahidi: walii yuko wapi? Utajibu unalolijua.

Na umwandikie umjulishe. Hata mtu mbaya hafungiwi mlango bila kuambiwa kwamba unafungwa.

Wako katika dini,
Mwalimu Aboubakar


Iringa, Alhamisi 21 Agosti 2025

Mdogo wangu Mounira,

Asalaam alaykum. Nipo Iringa, mji wa baridi na mawe makubwa, watu wapo wastaarabu sana. Nimefika jana. Leo nimepumzika, nimefunga mnyororo mpya, nimejaza mafuta hapo mjini kwa kadi, bila shaka mesaji imekufikia. Karibu sana, soma.

Nakuambia hili ili ujue sikukimbia kama mhuni. Sala sijaiacha hata moja. Tangu nivuke mpaka nafupisha, adhuhuri rakaa mbili, alasiri rakaa mbili, kama msafiri anavyotakiwa. Juzi kwenye msikiti wa barabarani wazee wakaniuliza natoka wapi. Nikasema Lubumbashi, kwa pikipiki. Wakashangaa, wakaniombea dua. Huku naheshimiwa. Huko kwetu mwanaume anafokewa na dada yake kwa sababu ya samaki mkavu.

Nimekutana na Wazungu wanaosafiri na pikipiki kubwa, tunapiga hema pamoja. Wakaniuliza nani analipia safari. Nikawaambia: familia yangu. Wakasema nina bahati. Nikasema najua.

Mwambie Laurent asipoteze nauli kuja mjini tarehe 29. Nitakuwa Dar, miguu ndani ya maji.

Kaka yako,
Bilal


Kamalondo, Jumamosi 23 Agosti 2025

Yaya,

«Nipo.» «Wapo.» «Mdogo wangu.» Siku tano tu Tanzania na mudomo imeshabadilika! Ukirudi utatuomba tukutafutie muntu wa kutafsiri ukinunua majani ya sombe kwa soko.

Aksanti kwa barua. Sijawahi kupata barua yako iliyonifaa vile. Nimeipeleka kwa Mwalimu Aboubakar, na ile pahali unasema unafupisha sala, aliisoma kwa sauti, akavua miwani, akasema: «Basi. Amejitia saini mwenyewe.»

Sasa soma polepole. Walii wa mbali hangojwi. Nafasi yake anachukua mwenye kukaa kama kadhi, na hapa njo Mwalimu. Ungebaki Kamalondo ukasema «sitaki», tungekusikiliza mpaka nywele yangu ikuwe nyeupe. Ungekaa hata Annexe nyuma ya mihogo, tungekutafuta. Lakini ulienda, Yaya. Kila stasio ulifikiri unafunga mulango, na ulikuwa unaufungua.

Na Tunduma? Haikuwa roho yangu kulegea. Banki ilikuwa imekufunga, mimi nikasema bakufungue. Nilitaka uende mbele. Kama ungekuwa na haja ya matairi ningekulipia na matairi.

Nikahi ni Ijumaa 29, nyuma ya sala ya Ijumaa, hapa nyumbani, kwa lupango ya baba. Bafle za kupaza sauti zimekodiwa. Bakwe banakuya na lori nzima ya bantu. Mwalimu alisema nikujulishe, nimekujulisha. Kadi iko wazi. Dar ni kule mbele, endelea.

Mounira


Annexe, Jumamosi 30 Agosti 2025

Mounira,

Andika kwa roho yako tarehe na pahali ya hii barua. Annexe. Niko kwa Jephté, sasa ni kweli. Na sikufika leo.

Nilisoma barua yako kule Iringa, Jumamosi ile, mbele ya hema. Niliuza hema. Niliuza viatu vya pikipiki, niko na sandale mpaka leo. Nilipata shilingi, na kwa mpaka nikabadilisha kwacha, na kila stasio nililipa na mukono. Kadi sikuigusa. Ulifikiri niko Dar natia miguu kwa maji? Ulingoja mesaji? Mesaji haikukuya, juu nilikuwa narudi nyumbani kama mwizi, ili usinione.

Paspoti yangu iko na muhuri ya kuingia kwa mpaka ya Kasumbalesa: tarehe 28 Agosti, Alhamisi. Na jana, Ijumaa, Mwalimu akifunga akdi, mimi nilikuwa Kamalondo. Nilikuwa ngambo ya barabara, mbele ya lupango ya baba yetu. Nilisikia kila neno kwa bafle.

Weye uliyenifundisha sheria, nijibu. Walii iko muji moja na bibi arusi, wanatenganishwa na barabara ya mavumbi, na muntu mwengine anamuoza. Ile ni nikahi ya namna gani? Batili. Ulilala jana kwa kitanda ya mwanaume ambaye haiko bwana yako.

Jumatano nitaenda kwa Mwalimu na paspoti mukononi. Mbele ya jamaa yote. Toka kwa ile nyumba mbele ya ile siku, ao utatolewa na aibu. Nakupa siku hizi juu ya jina ya baba, si juu yako.

Bilal


Kamalondo, Jumapili 31 Agosti 2025

Bilal,

Sitaandika Yaya leo.

Nilikuona.

Soma tena kama hukuamini. Nilikuwa ndani ya chumba ya mama, shangazi Zabibu ananifunga kilemba, nikaangalia kwa dirisha. Kulikuwa muntu ngambo, kaske ya pikipiki kichwani, sandale miguuni, na pikipiki nyekundu ya mavumbi kama ilichimbuliwa. Kaske ungeweza kuazima. Lakini ile mabega, ile kusimama na uzito yote kwa muguu moja kama jogoo mugonjwa, najua tangu nizaliwe.

Mwalimu alikuya mulangoni na mashahidi babili. Akaniuliza kama alivyosema: «Walii yuko wapi?» Simu ilikuwa mukononi. Mesaji ya mwisho ilikuwa Iringa. Nikamuonyesha. Nikasema: «Mesaji ya mwisho, Iringa.» Sikudanganya hata neno moja, na nilidanganya yote.

Unataka sababu? Nilikuwa na woga. Ningekuita ungevuka barabara na neno moja tu ndani ya mudomo: hapana. Lori nzima ya bantu balitoka Pweto. Ile mama ya Mwape na sauti yake alikuwa amekaa kwa kiti ya baba, anaimba. Mwape alikuwa na kanzu nimemushonea mwenyewe. Nikasema: akivuka, avuke mwenyewe. Mimi simuiti. Nikakuangalia, nikakuangalia. Hukuvuka. Bibi arusi wanasema alilia kwa furaha, wamepiga na foto.

Unajua Mwalimu alisema nini kwa bafle? Ulisikia. «Namuoza mwanamke huyu ambaye walii wake hayupo.» Baba yetu alizaa mutoto mwanaume, akamusomesha, akamununulia pikipiki ya kwanza, na siku yangu nikatangazwa mbele ya Kamalondo yote kama muntu asiye na mwenyewe. Nilikuwa nimeshinda. Nakuapia, sikusikia utamu hata kidogo. Nilikuchukia vile sijawahi kuchukia muntu.

Mwape hajui. Tangu juzi nalala kwa mukeka, namudanganya eti niko mugonjwa. Anaamini. Anapika yeye, ananiletea chai, anatoka polepole. Yeye hana kosa, na mimi siwezi kumuangalia kwa macho.

Nenda kwa Mwalimu kama unataka. Uniharibu. Uko na muhuri, mimi niko na uongo, utashinda. Lakini mbele ya kuenda, unijibu swali moja, na usinijibu kama mukubwa, unijibu kama mutoto ya baba. Ulisimama pale mpaka mwisho. Ulikuya kukataza. Sasa juu ya nini hukukataza?

Mounira


Annexe, Jumanne 2 Septemba 2025

Mounira,

Ulikuwa umeniona na hukuniita. Sawa. Mimi nilikuona kwa dirisha na sikukuja. Tuko batoto ya muzee moja.

Ndiyo, nilikuya kukataza. Neno «hapana» nililibeba mudomoni kutoka Iringa, sikulitema hata kwa kula. Nilitaka ningoje mpaka bantu bote bakae, Mwalimu afungue kitabu, halafu nivuke na kuvua kaske mbele yao. Nilitaka lori yote ya Pweto ione. Sikukufichi.

Kando yangu kulikuwa mama mumoja na kisahani ya karanga. Hanijui, simujui. Mwalimu aliposema kwa bafle walii hayupo, ule mama akatikisa kichwa, akaniuliza: «Masikini. Bibi arusi hana ndugu?» Nikamujibu: «Iko naye.» Akasema: «Sasa iko wapi?»

Nilisimama pale na sandale, nimevuka inchi mbili kwa kuja kukuharibia, na muuza karanga ananiuliza ndugu yako iko wapi. Ndani bakaanza kusema amina, hakuna hata mumoja aliyegeuka kunitafuta. Mimi nilifikiri bila mimi mutakwama. Nilifikiri hivyo maisha yangu yote, Mounira. Na nyumba ya baba, ile niliyosema itabaki na panya, itabaki na mimi, peke yangu, na mashine yako ya kushona imefunikwa. Njo kitu nilikuwa nakimbia. Kwa barua zote sikuandika ile.

Basi Mwape akiwa hajajibu «nimekubali», nilisema ndani ya kaske: «Nimekuoza dada yangu Mounira.» Nikarudia. Yule mama akafikiri naongea kwa simu.

Sijui kama inahesabika. Mwalimu wako anajua sheria zote, umuulize, lakini umuulize kama habari ya bantu bengine. Akisema irudiwe, mukuye Annexe weye na bwana yako na mashahidi babili, kimya, nitasema tena na kichwa wazi. Sitakula, sitakunywa, nitasema na nitaingia ndani. Laurent simupendi. Na weye kwa ile kazi ulinifanyia Tunduma, bado sijakusamehe, na sidhani nitaweza mwaka huu.

Rudi kwa kitanda yako. Kunywa chai ya muntu.

Bantu bote bengine bakiuliza, Ijumaa ile nilikuwa Iringa.

Bilal